Mbele Mwanga, Nyuma Giza: Uchambuzi wa Kisa cha Pikapu Iliyogongwa Katika Ukungu

Usuli

Pikapu inayozungumziwa hapa ni ya kebini mbili na injini ya dizeli, iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza na kuingizwa nchini ikiwa imetumika kwa miaka michache. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa pembejeo mjini Nakuru, naye huitumia kupeleka mbegu, dawa za mifugo na chakula cha kuku kwa maduka madogo yaliyo kando ya barabara ya Eldoret, kuanzia Salgaa hadi Burnt Forest. Dereva wake ni mtu wa makamo, mwangalifu, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameendesha pikapu za zamani pekee, zile ambazo taa haiwaki mpaka mtu aiwashe. Majina, nambari ya usajili, muundo wa gari na tarehe vimeondolewa. Mfumo wa taa umeelezwa kama ulivyokuwa, kwa sababu humo ndimo kisa chenyewe kilimo.

Nilihusishwa baada ya ajali, kwa ombi la mwenye gari na mtathmini wa bima kwa pamoja, nijibu swali moja tu: je, taa za nyuma zilikuwa zikiwaka pikapu ilipogongwa? Dereva aliapa kwamba zilikuwa zikiwaka. Aliyemgonga aliapa kwamba hakuona hata cheche.

Jinsi taa za mchana zinavyofanya kazi

Taa za mchana hazikubuniwa ili dereva aone barabara. Zilibuniwa ili yeye aonekane na wanaomjia kwa mbele. Sweden ilizifanya kuwa lazima mwaka wa 1977, Kanada ikafuata kwa magari mapya kuanzia Desemba 1989, na Umoja wa Ulaya ukazidai katika aina mpya za magari madogo ya abiria na ya mizigo, pikapu zikiwemo, kuanzia Februari 2011. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayozihusu, yaani Kanuni ya 87, inataka kila taa itoe mwanga mweupe usiopungua kandela 400 (kandela ni kipimo cha nguvu ya mwanga) na usiozidi kandela 1,200 kuelekea mbele. Kuhusu nyuma ya gari, taa hizi hazina kazi yoyote.

Njia za kuziwasha ni nyingi. Katika magari mengi ya zamani yaliyouzwa Kanada na Marekani, balbu mbili za ful, yaani taa kubwa za mwanga wa mbali, ziliunganishwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, hivyo kila moja ikapata nusu ya volti, na mwanga wake ukashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya kawaida. Katika mpangilio huo balbu moja ikiungua, taa za mchana za pande zote mbili huzimika, na fundi asiyelijua hilo anaweza kubadilisha swichi na relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) siku nzima bila mafanikio. Magari mengine hutumia balbu ya nyuzi mbili, uzi wa wati 21 kwa mchana na wa wati 5 kwa paking, yaani taa ndogo za pembeni.

Pikapu yetu ilikuwa na taa za LED zenye nyaya tatu kila upande: athi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), waya wa mwanga kamili na waya wa mwanga hafifu. Nyaya hizi haziendi kwenye swichi ya dereva bali kwenye kompyuta ya bodi, na kompyuta hiyo ndiyo inayoamua. Injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa zimezimwa, waya wa mwanga kamili hupata umeme. Dereva akiwasha paking au dimu (taa kubwa za mwanga wa chini), umeme huo hukatwa na ule wa mwanga hafifu huingia, ili taa ya mchana igeuke kuwa taa ndogo ya pembeni isiyomuumiza macho anayekuja. Akiwasha indiketa, taa ya mchana ya upande huo huzimika mpaka indiketa izimwe. Jambo hili la mwisho liko ndani ya kanuni: indiketa ikiwa karibu mno na taa ya mchana, milimita 40 au chini ya hapo, mwanga mweupe huimeza rangi ya chungwa, na kwa hiyo mtengenezaji anaruhusiwa kuuzima au kuupunguza.

Mfuatano wa matukio

Yote yalianzia kwenye hiyo indiketa. Wiki chache baada ya gari kufika, dereva alimwambia mwajiri wake, “Mama, taa ya kushoto inazima kila nikikata kona.” Mwenye gari aliyaona mwenyewe akiwa nje ya duka, akaamini kwamba ameuziwa gari bovu, akaagiza lipelekwe kwa fundi wa umeme wa pale karibu.

Fundi alipima, akakuta kweli umeme unakatika indiketa inapowashwa, akahitimisha kwamba kompyuta imeharibika upande huo. Kwa kuwa kompyuta mpya ni ghali, aliamua kuikwepa. Alikata waya wa mwanga kamili wa kila taa, akaunganisha taa zote mbili na umeme wa fyuzi ya redio, yaani akaziweka dairekti. Sasa ziliwaka kwa nguvu zote kila ufunguo ulipogeuzwa, indiketa ikiwa imewashwa au la, dimu ikiwa imewashwa au la.

Kompyuta ilipokosa mzigo kwenye nyaya zake ilionyesha onyo la taa mbovu kwenye dashibodi. Fundi akafunga kizuizi cha umeme cha omu 6 kwenye kila waya uliobaki upande wa kompyuta, ili kompyuta idhani kwamba taa bado ipo. Onyo likazimika. Alipomkabidhi dereva gari alimwambia maneno ambayo baadaye yalikumbukwa neno kwa neno: “Hizi sasa zinajiwasha zenyewe, mzee. Usisumbuke na swichi.”

Miezi ikapita. Usiku dereva alimulikwa na ful mara kwa mara na waliokuwa wakija mbele yake, asijue kwa nini, kwani dimu zake zilikuwa zimepimwa vizuri. Wakati wa mchana hapakuwa na lalamiko lolote.

Asubuhi ya ajali aliondoka Nakuru jua likiwa limeshatoka. Alipopita Mau Summit na kuanza kupanda kuelekea Timboroa, ambako barabara iko juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, alikutana na ukungu mzito, mweupe, wa aina ambayo wasafiri wa njia hiyo wanaifahamu. Alipunguza mwendo. Mbele yake aliona mwanga wa taa zake ukijirudisha kwenye ukungu, dashibodi ilikuwa inang'aa kama kawaida, naye akaridhika kwamba taa zinawaka. Swichi ya taa ilikuwa kwenye sifuri, yaani imezimwa. Lori lililokuwa mbele liliposimama, alikanyaga breki, na lori dogo lililokuwa nyuma likamgonga. Mlango wa nyuma wa pikapu ulikunjika, taa ya nyuma ya kulia ikavunjika, na utingo aliumia shingo kidogo. Hakuna aliyelazwa.

Ukaguzi

Kabla ya kugusa chochote tulipiga picha za nyaya zote kama zilivyokuwa. Hatua hii hurukwa sana, na ikirukwa, kila mmoja baadaye husema kwamba mwingine ndiye aliyeharibu.

Ushahidi mkubwa ulikuwa ndani ya taa iliyovunjika. Taa za nyuma za gari hili, tofauti na za mbele, zilikuwa za balbu ya kawaida yenye nyuzi mbili, wa wati 5 kwa taa ya nyuma na wa wati 21 kwa breki. Kioo cha balbu kilikuwa kimepasuka. Uzi wa tangsteni unaowaka ukikutana na hewa ghafla, huungua na kuacha unga mweupe wenye umanjano, nao wenyewe hubadilika rangi. Uzi uliokuwa baridi hubaki na mng'ao wake wa fedha. Pia uzi wa moto huwa laini, kwa hiyo mshtuko huuvuta na kuutanua, ilhali uzi baridi hubaki na umbo lake au hukatika kwa ncha kali.

Chini ya lenzi ya mkononi uzi wa breki ulikuwa mweusi, umetanuka upande mmoja kama springi iliyochoka, na unga ulikuwa umeshika kwenye shina lake. Uzi wa wati 5, uliokuwa milimita chache tu kutoka hapo, ulikuwa umenyooka na kung'aa. Breki ilikuwa inawaka wakati wa kugongwa. Taa ya nyuma haikuwa inawaka.

Upande wa mbele tulikuta yale niliyokwisha kuyaeleza, pamoja na jambo moja ambalo hakuna aliyelitarajia. Vile vizuizi vya omu 6 vilikuwa vimefungwa kwa gundi-utepe juu ya bomba la plastiki linalobeba nyaya. Kwenye volti 14 za injini inayozunguka, kizuizi cha omu 6 hutoa joto la takriban wati 33, na hutoa joto hilo muda wote ambao taa za mchana zingekuwa zinawaka, yaani safari nzima. Utepe ulikuwa umeyeyuka na kuwa kama lami, bomba limezama pale lilipogusana na kizuizi, na waya mmoja wa ndani ulikuwa umebaki na ngozi nyembamba kuliko karatasi. Ajali ya moto ilikuwa njiani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurudisha nyaya kama zilivyotoka kiwandani, kwa viungio vya kubana na mpira wa kufunika, na kuondoa vizuizi. Hapo mwenye gari alipinga. Aliuliza kwa nini arudishiwe kasoro ileile aliyolipa ili iondolewe. Tulimweka nje mbele ya gari wakati dereva akiwasha indiketa, kwanza taa ya mchana ikiwa imeachwa iwake kando yake, kisha ikiwa imezimwa. Katika hali ya kwanza, kutoka hatua thelathini, indiketa ilikuwa vigumu kuiona. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Kisha tulijaribu kila hali kwa zamu: ufunguo umegeuzwa injini ikiwa imezimwa, injini ikiwaka, paking, dimu, na indiketa za pande zote. Katika kila hali mtu mmoja alisimama mbele na mwingine nyuma. Ninasisitiza yule wa nyuma, kwa sababu fundi wa awali alifanya kazi yake yote akiwa ameinama chini ya boneti, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kwenda nyuma, maana aliitwa kwa tatizo la mbele.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mwenye gari alitaka taa za nyuma ziunganishwe ziwake pamoja na taa za mchana, ili dereva asibebeshwe kukumbuka. Ombi hilo lina mantiki, na baadhi ya magari yana mpangilio huo ndani ya kompyuta, unaoweza kuchaguliwa kwa mashine ya uchunguzi. Kwenye gari hili chaguo hilo halikuwamo. Kuunganisha kwa waya wa kawaida kungepeleka umeme kinyumenyume kwenye mkondo wa paking, ambao unaunganisha pia taa za nambari na taa ndogo za mbele, na kompyuta ingesoma umeme mahali isipotarajia. Relei yenye fyuzi yake na dayodi ya kuzuia umeme usirudi ingewezekana, lakini tulikuwa tumetoka tu kuondoa ubunifu mmoja wa aina hiyo. Tulikataa.

Badala yake tulipendekeza kwamba gari hili liendeshwe na dimu zikiwa zimewashwa kila linapotembea, mchana na usiku. Mwenye gari alihofia balbu kuungua mapema, na hofu hiyo ni ya kweli: balbu mbili za wati 55 na zile za nyuma zikifanya kazi kutwa, zitaisha haraka zaidi. Tulimwonyesha bei ya balbu dukani na bei ya mlango wa nyuma aliokuwa ameununua juma lile.

Tatu, tulimwonyesha dereva kitufe ambacho hakuwahi kukibonyeza. Magari ya soko la Ulaya huja na taa nyekundu ya ukungu ya nyuma, kwenye gari hili moja tu, upande wa kulia. Taa ya kawaida ya nyuma inaruhusiwa kuwa na kandela 4 tu. Ile ya ukungu haipaswi kupungua kandela 150. Haiwaki mpaka dimu au taa za ukungu za mbele ziwe zimewashwa kwanza, na huzimwa ukungu unapoisha, kwa sababu usiku mkavu humuumiza anayefuata. Dereva aliitazama, akacheka kwa uchungu kidogo, akasema, “Kumbe nilikuwa nayo siku zote.”

Matokeo

Pande mbili zilikubaliana kugawana gharama: aliyegonga kwa kufuata karibu mno katika ukungu, na pikapu kwa kutokuwa na taa za nyuma. Kumulikwa na ful usiku kulikoma mara tu nyaya ziliporudishwa. Dereva sasa huwasha dimu kabla ya kutoka getini, na katika safari za kwanza mwenye gari alikuwa akimpigia utingo simu kuuliza kama taa za nyuma zinawaka, jambo lililomuudhi dereva lakini ambalo sikumshauri aliache.

Uchambuzi

Baada ya ukaguzi, mwenye gari alikuwa tayari kumtupia fundi wa awali lawama yote. Ninaelewa, lakini ushahidi haumruhusu. Kazi ya fundi yule ilisababisha mambo mawili ya hatari, kuwapofusha waliokuwa wakija usiku na kupasha joto nyaya karibu na injini. Haikuzima taa za nyuma. Taa za nyuma zisingewaka hata kama hakuna aliyegusa waya wowote, maana swichi ilikuwa kwenye sifuri.

Watu wengi waliposikia hayo walijibu kwamba swichi ingekuwa kwenye AUTO, ambapo taa hujiwasha zenyewe giza likiingia, mambo yangekuwa tofauti. Tuliyapima. Asubuhi nyingine yenye ukungu tulipanda hadi eneo lilelile, gari likiwa limerudishwa katika hali yake ya asili na swichi ikiwa kwenye AUTO. Taa za mchana ziliwaka, na nyuma kukabaki giza njia nzima. Kihisi kilicho chini ya kioo cha mbele hupima wingi wa mwanga, wala si umbali ambao jicho linaweza kuona. Ukungu wa saa mbili asubuhi, jua likiwa juu yake, ni mweupe na unang'aa. Kwa kihisi, huo ni mchana mzuri. AUTO husaidia jioni, ambayo kwetu karibu na Ikweta ni fupi na humkuta dereva ghafla, na pia chini ya miti mizito. Kwa ukungu wa mchana na mvua nyepesi haitegemewi.

Hapo ndipo ulipo udhaifu hasa wa mfumo, na si katika gari hili peke yake. Katika pikapu za zamani dashibodi iliyokuwa gizani ilimwambia dereva kwamba hajawasha taa. Katika gari la sasa dashibodi hung'aa wakati wote, na mbele kuna mwanga, kwa hiyo kila kilicho mbele ya macho yake kinamhakikishia jambo lisilo kweli. Kanada, iliyokuwa miongoni mwa nchi za kwanza kulazimisha taa hizi, iliona tatizo hilo ikabadilisha kanuni. Kwa magari mapya kuanzia Septemba 2021, ama taa za nyuma ziwake pamoja na za mchana, ama taa zote zijiwashe kukiwa na giza, ama dashibodi ibaki gizani ili dereva ashtuke. Hata hizo njia mbili za mwisho hazitatui ukungu mweupe. Ile ya kwanza ndiyo pekee ambayo ingeisaidia pikapu hii.

Lipo pia suala la maneno ya makabidhiano. Fundi alimwambia dereva kwamba taa zinajiwasha zenyewe, na kwa taa alizokuwa amezishika mkononi alikuwa sahihi. Dereva alisikia “taa” na kuelewa taa zote. Ufundi wa nyaya ulichukua nusu siku kuurekebisha, lakini sentensi ile ilikuwa imekaa kichwani mwa dereva kwa miezi. Ndiyo maana katika kumkabidhi gari mara ya pili hatukumpa maelezo ya mdomo peke yake. Tulimpeleka nyuma ya gari, mwenzake akageuza swichi, naye akataja kwa sauti kila taa inayowaka na isiyowaka. Kisha tulimrudisha kwenye usukani na kumwonyesha ile alama ya kijani ya taa mbili zilizopeana mgongo: ikionekana, nyuma kuna taa, na isipoonekana, hakuna, hata mbele kungekuwa kweupe namna gani.

Kilichofanikiwa zaidi katika kazi nzima, kwa maoni yangu, ni kule kuihifadhi ile balbu. Mfanyakazi wa gereji lililovuta gari alikuwa ameshaanza kufagia vioo, na mtathmini wa bima ndiye aliyemzuia na kuifunga balbu ndani ya kopo lenye pamba. Bila hiyo tungebaki na viapo viwili vinavyopingana, kila kimoja kikitolewa na mtu mkweli.